Melkiori Nandonde na Msiba Wake wa Kwanza

Ndugu waombolezaji, familia imekubaliana historia hii isomwe kama mambo yalivyokuwa, bila kupakwa sukari, maana marehemu mwenyewe alichana kurasa nyingi kwa kosa hilo hilo, na mwenye kununa anune akiwa amekaa.

Melkiori Aristides Nandonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 Masasi, mkoani Mtwara, akamaliza darasa la saba mwaka 1986, hakuchaguliwa kuendelea, akaingia Dar es Salaam mwaka 1989 na kupanga chumba Buguruni, akabeba mizigo Kariakoo, kisha akauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, akivisoma kabla ya kuviuza, na hivyo ndivyo alivyojifunza kazi iliyompa jina, kazi ya kutunga riwaya. Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Josepha, muuza khanga wa Mtaa wa Sikukuu, wakajaliwa Beno mwaka 1998 na Stella mwaka 2001.

Marehemu aliamini kwamba tukio ndani ya riwaya lazima liwe na mtu anayetaka kitu na mwingine anayemnyima, lianze salamu zikiwa zimekwisha, likatike kabla watu hawajapatana, na mhusika akisema maneno ambayo msomaji ameshayatarajia, ukurasa huo ni wa kufungia karanga. Aliposhindwa kulipata tukio kichwani alikwenda kulichokoza mtaani, akamwambia mama ntilie mmoja kwamba mwenzake anamsema, kisha akaagiza chai na kukaa katikati yao kusikiliza. Baadhi yenu mliopo hapa mlijikuta kwenye vitabu vyake mkitukanana, na mkavinunua.

Katika riwaya yake ya nne palikuwa na mke anayeletewa habari kwamba mumewe amefariki, na kila alipoliandika tukio hilo mwanamke alilia kama wa mchezo wa redioni. Jumamosi ya tarehe 9 Septemba 2017 asubuhi aligombana na Josepha, Josepha akamfunikia chakula mezani na kuondoka bila kuaga. Mchana marehemu akamtuma rafiki yake Filbert, mpiga chapa wa Mchafukoge, akamwambie Josepha kwamba mumewe amegongwa na gari pale Posta na amekufa, na yeye mwenyewe akajibanza kwenye dirisha la ghorofani, juu ya duka la mkewe, karatasi mkononi.

Josepha hakupiga kelele. Aliketi juu ya marobota ya khanga, akauliza, "Alikuwa amekula?"

Wenye maduka wakafunga, wanawake wakaleta mikeka, huku Buguruni majirani wakaanza kusimamisha turubai, Stella akatolewa tuisheni akilia njia nzima, ndipo marehemu akashuka, mzima, uso umemchangamka, akamwuliza mkewe mbele za watu, "Uliposema vile, mkono uliuweka wapi?"

Kitabu kilisifiwa, hasa ukurasa ule. Josepha hakuondoka wala hakushitaki kwa wazee, aliendelea kupika na kufunika, ila tangu siku ile hakumwuliza tena mumewe kama amekula, na marehemu alilingoja swali hilo, hata akawa anaiacha sahani ijae nzi makusudi ili aulizwe, asiulizwe.

Jumanne ya tarehe 6 Agosti 2024 moyo ulimwangusha, safari hii kweli, na pale pale Posta. Hospitalini alimtaka Josepha, hakutaka mwingine, Filbert akakimbia hadi dukani, jasho linamtiririka, akasema, "Shemeji, Melkiori anakufa, anakuita."

Josepha alitazama juu dirishani, akaendelea kukunja khanga. "Mwambie ashuke."

Filbert aliapa kwa mama yake mzazi, mteja aliyekuwepo akacheka, ikabidi arudi peke yake. Marehemu alipoelezwa alifumba macho, kisha akauliza mkewe aliposema hivyo mkono wake ulikuwa wapi, Filbert akajibu kwamba hakuangalia. Akafariki saa kumi alasiri. Jioni Josepha, alipoona hajashuka mtu, alifunga duka, akaenda hospitali na hotipoti ya wali mkononi, wauguzi wakamwonyesha njia ya mochwari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wachapaji wa vitabu vyake wa Mchafukoge waliogharamia jeneza, na ninyi majirani wa Buguruni, mlioleta mikeka kwa mara ya pili bila kuuliza kama safari hii ni kweli. Filbert yupo pale nyuma, yeye hatumshukuru. Na tunaomba, wakati wa kuaga mwili, mtu asimtazame Josepha mikono.

Lala kwa amani, Melkiori, nasi utuache tulie bila kuchunguliwa.