Injini Haikuwa Mgonjwa: Maisha ya Mama Spana

Ndugu, majirani, wateja wa gereji, na nyinyi mliokuja kuhakikisha kama ni kweli: tunayemsindikiza leo ni Mama Spana. Aliagiza wasifu wake usisomwe kwa sauti ya kulialia. Mjomba wake, aliyekabidhiwa kazi hii kwa kuwa ndiye mwenye sauti nzuri kuliko wote katika ukoo, atatii.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1971, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa dada wa mjomba huyu. Alikuja miguu ikitangulia, mkunga akakata tamaa mapema kidogo kuliko ilivyotakiwa, na tangu siku hiyo mtoto yule hakumsikiliza mtu yeyote aliyemwambia jambo limeshindikana.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari, na mwaka 1990 akaingia chuo cha ufundi, ambako aliandikishwa ushonaji bila kuulizwa. Wiki ya pili alifungua cherehani yake aone kinachopiga kelele. Ikatulia. Wenzake wakampa na za kwao. Mwalimu alipoingia alikuta darasa zima limekaa mikono mapajani mbele ya chungu ya skrubu. Hakumwadhibu. Alimshika mkono, akamfikisha mwenyewe karakana ya magari, akamwambia mwalimu wa huko, "Mchukue huyu kabla hajanifungua na mimi."

Mwaka 1993 alianza kazi katika gereji ya mjomba wake, gereji ambayo wakati huo haikuwa na mpinzani, na anayebisha abishe baada ya mazishi. Yote aliyoyajua aliyapata pale, ingawa mwenyewe alipenda kusema alijifunza kwa kumwangalia mjomba akikosea. Mjomba alipostaafu, gereji ikawa yake, na wateja wakaongezeka. Hilo tusilichimbe.

Mumewe, dereva wa teksi, alimpata hapo hapo. Alileta gari akilalamika kuna mlio. Hakuna aliyeusikia. Akarudi tena na tena, mlio ukiwa leo mbele, kesho nyuma, hadi Mama Spana alipofuta mikono akamwambia, "Gari lako halina kitu, kaka. Sema wewe una nini." Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995.

Ugonjwa wa figo ulimkamata mwaka 2021. Akawa anapelekwa hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na anayempeleka ni mumewe, kwa teksi ile ile ya kutafutia riziki. Ndipo gari nalo likaanza kutoa moshi. Si moshi wa kuona haya. Lilikuwa wingu la bluu, hata waliokuwa nyuma yake wakawa wanafunga vioo. Lilikuwa limetembea hadi saa ya kilomita ikachoka kuhesabu, na lina turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa. Ukaguzi wa magari ya abiria ulikuwa umekaribia. Likikataliwa, mume hana kazi, na Mama Spana alijua vizuri kwamba anakaribia kumwacha peke yake.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alifika na pole mdomoni na mnunuzi wa vyuma chakavu mlangoni. Yupo hapa, yule wa miwani ya jua. Akaeleza kwamba injini imezeeka, ringi za pistoni zimekwisha, inakula oili kuliko petroli, na kwamba umefika wakati wa watu kukubali. Mama Spana, aliyekuwa kitini amejifunika shuka hadi shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, mgonjwa hapa ni mimi," akasema. "Injini haina figo. Usituchanganye."

Mikono yake ilikuwa imekwisha nguvu, kwa hiyo akaazima ya mumewe, mtu ambaye miaka yote ya ndoa spana aliitumia kufungulia chupa za soda. Kiti cha plastiki kikawekwa mlangoni mwa gereji. Jambo la kwanza alimkataza kufungua chochote. Alitaka kwanza kujua moshi unatoka wakati gani. Asubuhi, likiwashwa likiwa la baridi? Hapana, linawaka safi. Basi sili za valvu hazina kesi. Silinda je? Wakapima mgandamizo wa kila moja, zote zikawa sawa. Basi ringi nazo ni nzima, na shemeji akapelekewa salamu hizo siku hiyo hiyo. Wingu lilikuwa linatoka gari likishasimama sana kwenye foleni, pale dereva anapokanyaga kuondoka. Mama Spana akacheka peke yake. Akamwambia mumewe kwamba oili inaingia kwenye turbo vizuri, ila inakosa njia ya kushuka, na kitu kikikosa njia ya kushuka kitatafuta pa kutokea. Hiki kimepata ekzosi, bomba la moshi.

Mume akaifungua turbo, akatikisa shafti yake kwa kidole kama alivyoelekezwa. Imara. Akafungua kibomba cha kurudishia oili, akachungulia.

Ndani mlikuwa na kipande cha gundi ya gasketi, ile ya kuzibia maungio, kimening'inia kama ulimi, kimekamata masizi hadi tundu likabaki la kupitisha njiti. Na turbo ile ilifungwa na nani? Na Mama Spana mwenyewe, mwaka uliotangulia, mwili umeanza kumchoka na hajamwambia mtu. Alipaka gundi kupita kiasi, ilipobanwa ikamwagikia ndani. Mume alitaka kukitia kile kipande mfukoni. Mkewe akamwambia akilete. Akakigeuzageuza mkononi.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Siku ya kunizika mtasimama mseme nilikuwa fundi hodari. Semeni na hili. Semeni pia kwamba nililitafuta mpaka nikalipata."

Limesemwa.

Kibomba kikasafishwa, kikafungwa kwa gasketi kavu bila hata tone la gundi, injini ikatiwa oili mpya. Wakawasha. Wingu lililotoka lilikuwa baya kuliko yote yaliyopita. Majirani walitoka nje wakikohoa. Shemeji, aliyekuwa amepita kutazama, akamwekea kaka yake mkono begani kama mtu anayempa pole ya msiba. Mume akanyoosha mkono kuzima.

"Usizime," Mama Spana akasema. "Hiyo ni oili ya zamani imelala kwenye ekzosi. Iache iungue. Niingize kiti cha mbele, twende."

Akamwelekeza barabara ya mlimani. Mwanzoni, kwenye kioo cha nyuma walikuwa hawaoni hata barabara. Katikati ya mlima wakaona kuna gari linawafuata. Juu kabisa wakamwona hadi dereva wake, kioo kakishusha, mkono kautoa nje, anapunga apewe njia. Mume akaanza kulia. Mkewe akamwambia aangalie mbele, wasije wakafa na gari zima.

Gari lilipita ukaguzi. Mama Spana aliaga dunia nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 19 Mei 2023, mumewe akiwa kando yake. Mtu asiandike kwenye kitabu cha rambirambi kwamba alishindwa. Kifo kilimkuta kazini, kikamsubiri amalize.

Ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili, kijana mmoja, wajukuu, kaka wawili, mjomba asiye na mfano, na shemeji. Wiki ijayo mumewe atarudi kituoni kubeba abiria. Wenye kuuliza bei wamsikie mjomba vizuri: gari haliuzwi.

Apumzike Mama Spana, kwa amani aliyoifanyia kazi mwenyewe.