Uhakiki wa Pili wa Joram Onsare

Waombolezaji wapendwa, anayewasomea historia hii ni Kerubo, dada mkubwa wa marehemu, na kwa kuwa desturi haimruhusu msomaji kujitanguliza mbele ya marehemu, atajitaja kwa jina kama mtu mwingine yeyote, hata pale atakapoona aibu.

Joram Onsare alizaliwa tarehe 9 Machi 1986 huko Keroka, mtoto wa pili wa Mzee Zakaria Onsare na Mama Bosibori, akasoma hapo hapo nyumbani, na mwaka wa 2002, akiwa shule ya upili, mwalimu mmoja aliacha maktabani kanda za vichekesho vya runinga vya Uingereza, naye akazitazama hadi utepe ukakatika. Alimwoa Pamela Moraa tarehe 20 Agosti 2011, wakajaliwa Chelsea na Rodney, ambao leo wako Keroka wakimngoja baba yao.

Mwezi wa Mei 2014 alikuja hapa Doha, akawa mlinzi wa lango la mtaa mmoja wa wageni huko Al Wakrah, akilala Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi, katika chumba cha watu sita, na familia ya Waingereza iliyokuwa ikihama ikamwachia sanduku zima la DVD za vichekesho hivyo hivyo, ndipo akaanza kuandika uhakiki katika grupu ya WhatsApp iliyofikia watu mia tisa. Alikuwa na sheria moja: kila kichekesho alikitazama mara mbili, kwanza peke yake, kisha na wenzake wa chumbani wakishashuka kwenye basi la kampuni, akiandika ni wapi wamecheka. Magazeti ya London yalipomkejeli mzee mmoja aliyeigiza tarishi, yakidai amekauka, Joram aliandika kwamba mzee yule huchekesha zaidi akiwa kimya, ameshika barua isiyo yake, na kwamba mhakiki anayetazama peke yake sebuleni hawezi kulijua hilo.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu. Alhamisi tarehe 14 Desemba 2023, katika sherehe za Jamhuri zilizosogezwa hadi mwisho wa juma, Kerubo, ambaye ni muuguzi na anaishi Umm Salal, aliigiza kichekesho alichokiandika mwenyewe kwa mtindo huo huo wa Waingereza, na kabla viti havijakunjwa Joram alikuwa ameshatuma uhakiki, akisema dada yake anaigiza kama mtu anayengoja makofi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hasira ya Kerubo nayo haikuwa na kipimo: aliifunga namba ya ndugu yake siku hiyo hiyo, hakumsikiliza Pamela aliyewasihi wapatane, na mwezi wa Januari, Laban, mwenzake Joram wa chumbani, alipofika Umm Salal na bahasha, alimrudisha nayo kutoka mlangoni.

Februari 2025 figo za Joram zilianza kushindwa, akalazwa, na Kerubo, ambaye riziki yake ni kukaa kando ya wagonjwa wa watu wengine, alifika kando ya ndugu yake Jumatatu tarehe 21 Aprili, bomba la kupumulia likiwa tayari kooni, asiweze kujibu. Jumanne, saa nne asubuhi, akafariki.

Laban ameileta tena ile bahasha, na safari hii imepokewa. Ndani mna uhakiki wa Ijumaa tarehe 15 Desemba, siku kichekesho cha Kerubo kilipoonyeshwa mara ya pili:

“Nimerudi kutazama mara ya pili. Nimesimama nyuma na sare ya kazi, Dada asinione. Watu wamecheka mara thelathini na moja. Pale anapokunja shuka la mgonjwa aliyekufa, akimgombeza kwa kuondoka bila kuaga, wamecheka, kisha wakanyamaza, na mimi nimelia. Jana nilikosea. Hangoji makofi. Anamngoja mgonjwa wake amjibu.”

Laban alipomuuliza mbona hayaweki maneno hayo kwenye grupu, Joram alisema aliyeumizwa ndiye asome kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa lango la Al Wakrah, na watano wa chumbani waliomfulia na kumlisha, akiwemo Laban, ambaye Kerubo anamwomba radhi mbele yenu nyote. Kwa wanagrupu, huo ndio uhakiki wake wa mwisho kuwafikia, sasa mnaweza kuusambaza.

Nimeusoma, mdogo wangu. Nimechelewa, lakini nimeusoma. Pumzika kwa amani.