Wasifu wa Gottlob Mögle, Aliyeachia Mabomu Ili Chombo Kipae

Ndugu waombolezaji, marehemu Gottlob Mögle alizaliwa hapa Heilbronn tarehe 14 Machi 1889, mtoto wa tatu wa Mzee Christian Mögle, muuza nyama na mtengeneza soseji, na mkewe Bi Pauline. Alisoma hapa hapa mjini hadi mwaka 1903. Hesabu alizipenda, kwaya ilimtoa kwa heshima siku ya pili.

Alijifunza ufundi wa chuma, na mwaka 1909 akaenda ziwani Bodensee, zilikokuwa zikiundwa meli za anga, yale maputo marefu yenye injini. Mifuko yake ya gesi ilitengenezwa kwa utando wa utumbo wa ng'ombe. Basi vita ilipoanza serikali ikachukua matumbo yote ya kujazia soseji, soseji zikaadimika nchi nzima, na Mzee Christian akabaki na duka tupu. Gottlob akija likizo, babaye alimpokea mlangoni kwa kelele: "Haya, kaja yule anayepaa na soseji zangu! Shuka basi, mwanangu, watu wana njaa!" Mtaa mzima ulicheka, na Gottlob akicheka kuliko wote.

Tarehe 3 Mei 1913 alimwoa Bi Karoline Späth. Mungu aliwajalia watoto watatu, Hedwig, Reinhold na Mathilde.

Hapa ndugu zetu wengine walituomba turuke. Haturuki.

Mwaka 1914 marehemu aliingia jeshini kama fundi wa meli ya anga, na kazi yake ilikuwa kuvuta wenzo wa kuachia mabomu. Kabla ya hapo mtu akilala kwake mjini, mbali na uwanja wa vita, alijua atalala salama. Mwezi Oktoba 1915 walikuwa juu ya London, wakitafuta bandari, na hawakuiona. Taa kali za chini ziliwanasa, mizinga ikaanza. Nahodha akapiga kelele, "Mögle, punguza uzito! Achia yote!" Akaachia yote. Chombo kikapaa, wakapona. Chini palikuwa na nyumba za watu wa kawaida, na marehemu aliona mapaa yakifunguka. Mabomu yale hayakulengwa popote. Yalimwagwa kama mtu anavyomwaga mchanga, ili wao wawe wepesi.

Taarifa ya jeshi ilisema wamepiga bandari. Alipofika nyumbani kengele za kanisa zililia, shule zikafungwa, na wanafunzi wakubwa wakambeba mabegani. "Ulipiga nini, Gottlob?" wakamuuliza. Akajibu, "Bandari." Jeshi likamvika nishani. Sisi jamaa zake tulikula keki siku ile, na tunaona haya kusema kwamba ilikuwa tamu.

Baada ya vita hakurudi ziwani. Alifungua karakana ya baiskeli, akaiendesha kwa uaminifu.

Tarehe 4 Desemba 1944 mji wetu ulichomwa kutoka angani na ndege za Waingereza. Binti yake Hedwig alifia ndani ya handaki la jirani. Walipokuwa wakimtoa, jirani yake Bi Schwarz alilia, "Wanyama wale! Nani aliwafundisha kuua watoto wa watu vitandani?" Marehemu akamwambia, "Mimi, Bi Schwarz. Mimi nilitangulia kwao." Yule mama akamzaba kofi. Hakuinua mkono wala hakununa. Hakusema kwamba mwanawe alistahili. Alilia kama baba yeyote.

Majira ya kiangazi mwaka jana alianza kuugua moyo. Alilazwa mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani, na hapo alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 1958, mkewe akimlisha mchuzi.

Mmezoea kuona nishani ya askari ikibebwa juu ya mto mbele ya jeneza. Bwana Eisele, mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani, alikuja juzi kuichukua.
"Bi Karoline, usituaibishe mbele ya watu. Mumeo alikuwa shujaa."
"Aibu ilishaingia, Bwana Eisele. Nimelala nayo kitanda kimoja tangu ujana wangu."
"Basi tuseme nini makaburini?"
"Semeni alichofanya. Ndicho alichoniomba."

Hatuna mto leo. Tumesema.

Marehemu Gottlob ameacha mjane, Bi Karoline. Watoto wawili, Reinhold na Mathilde. Wajukuu watano, na dada yake, Bi Rosine. Katika mtaa ule wa London wapo waliofiwa kwa mkono wake. Hatujui majina yao, na wengine hawakuacha mtu wa kuwasomea wasifu. Hao wapumzike kwa amani kwanza. Naye apumzike, wakimruhusu.