Mwalimu Kwa Nani na Ratiba Isiyokoma

Marehemu tuliyemsindikiza hadi hapa alizaliwa Jumamosi ya tarehe 14 Machi 1981, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni. Alikuwa kitinda mimba wa fundi rangi na mfua mashuka wa hospitali. Hakusubiri siku zake zitimie. Mkunga alipomwona anavyorusha miguu alisema, "Huyu ana haraka ya kwenda wapi?" Sisi wa familia tumemuuliza swali hilohilo miaka yote, na hakuna siku aliyotujibu akiwa ameketi.

Alikulia katika nyumba ya vyumba viwili, akilala kitanda kimoja na dada yake mkubwa, ambaye leo ni fundi cherehani na mbavu zake bado zinayakumbuka mateke ya usingizini. Kaka yao, mkubwa kuliko wote, alilala sebuleni kwa amani yake. Ndiyo maana mpaka leo ndiye mnene kati yao.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988. Alipofika darasa la sita, mwalimu aliandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni chanya. Marehemu akanyoosha kidole.

"Kwa nini?"

"Ni kanuni."

"Kanuni imetoka wapi?"

Akatolewa nje. Alipoona huko nje nako hakuna jibu, akaenda kugonga mlango wa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu, mama mwenye pumu, hakumchapa. Alimpeleka barazani, akamgeuza uso kuelekea ukutani, akamwambia arudi kinyumenyume, kisha amwonyeshe amefika upande gani: kugeuzwa mara moja, kurudi nyuma mara moja, na bado amekwenda mbele. Basi mtoto alirudi nyumbani kinyumenyume ili ahakikishe, akaingia jikoni kinyumenyume, na chakula cha siku ile kikaliwa na kuku.

Alimaliza sekondari mwaka 2000 na Oktoba 2001 akaingia chuo kikuu kusomea hisabati na sayansi ya kompyuta. Wengi hapa mlidhani anakwenda kujifunza kutengeneza kompyuta, na mlimletea redio zenu mbovu kila likizo. Hakuwa akitengeneza kitu. Kompyuta zilikuwa chache na wanafunzi tele, kwa hiyo programu zake aliziandika kwanza kwenye karatasi, akazikagua kwa kidole mstari kwa mstari, ndipo akapanga foleni ya chumba cha kompyuta, chumba cha baridi kama jokofu la bucha.

Jina lake mlilolizoea alilipata katika ukumbi wa mihadhara, ule wenye viti vya kukunja vinavyopiga kelele mtu akisimama. Mhadhiri wa somo la uchambuzi wa hisabati alifika katikati ya uthibitisho, akaruka hatua, akaandika "ni dhahiri kwamba". Kiti kikapiga kelele.

"Samahani, mwalimu. Dhahiri kwa nani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mhadhiri hakugeuka. Alisema, "Kwa yeyote anayestahili kukaa humu." Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Kwa Nani. Alilicheka jina lile, lakini jibu la mhadhiri lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwaka wa tatu, 2004, wiki ya mitihani, alifunga begi akarudi nyumbani bila shahada. Baba yetu aliendelea kuchanganya rangi. Kaka alisema maneno ya kuwatosha wote wawili.

Kuhusu kazi, heri tuseme kweli: alizifanya nyingi na hakudumu. Alikaa kwenye duka la intaneti, akaliacha. Alitengeneza simu katika kibanda cha kioo, akakiacha. Alipiga chapa barua za watu nje ya mahakama, akawa anawahoji wateja kwa nini wanashtaki, na mwenye mashine akamwacha yeye. Mwaka 2007 shule moja ya sekondari ilikosa mwalimu wa hesabu ikamwita ashike nafasi kwa muda. Muda ule ukawa miaka kumi na nne. Ni hapo tu alipotulia, tena kama kufundisha huku unatembea kutoka ubaoni hadi dirishani na kurudi kunaitwa kutulia.

Hapohapo shuleni ndipo alipokutana na mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuja kufunga geti. Marehemu alimsimamia mgongoni akimuuliza kila chuma kinakaa hapo kwa nini. Fundi alijibu maswali mawili, la tatu likamshinda. Alivua miwani yake myeusi akasema, "Sijui, mwalimu. Sijawahi kujiuliza." Marehemu alipofika nyumbani alimwambia dada yake, "Leo nimekutana na mwanamume amesema hajui, na hakununa." Dada akamwambia, "Huyo usimwache hata geti likianguka." Walioana tarehe 6 Desemba 2008. Geti bado limesimama. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2021, akiwa na miaka arobaini, alirudi chuo kikuu. Mlisema. Tuliwasikia mkisema. Mwanamke mzima na begi mgongoni, anakwenda kukaa na watoto, anatafuta nini. Yeye hakuwa na nafasi ya kuwasikiliza, kwa kuwa alikuwa amerudishwa mwaka wa pili na nusu ya aliyoyajua ilikuwa imepitwa na wakati. Wanafunzi wenzake walimwita Mama, walimwachia kiti cha mbele, na kabla ya kila jaribio walimzunguka kama kuku wanaosubiri mtama.

Mradi wake wa mwisho ulikuwa programu ya kupanga ratiba ya shule. Kwa sisi tulioishia darasa la saba, ni hivi: kupanga ratiba ni kama kuwapangia wageni viti. Kila kipindi kina saa kinayoipenda. Kikija kikakuta saa ile ina mwenyewe, kinamwondoa na kukaa. Aliyeondolewa anakwenda anapopapenda zaidi ukiacha pale alipotolewa sasa hivi, naye akimkuta mtu anamwondoa, na kuendelea hivyo mpaka kila mmoja amekaa. Shule yake iliitumia na walimu wakaacha kugombana. Msimamizi wa mradi, kijana mstaarabu ambaye yupo hapa nasi, aliridhika. Kilibaki kitu kimoja: marehemu athibitishe kwamba kufukuzana huko lazima kutafika mwisho.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, na mwishoni mwa 2024 akawa anasafishwa damu mara kwa mara. Februari mwaka huu alilazwa. Msimamizi alikuja kumwona wodini akamwambia kwa upole, "Mama, umeijaribu kwa shule nyingi na imekoma kote. Andika tu ni dhahiri kwamba itakoma. Jopo halitauliza. Upate shahada yako, upumzike."

"Mwanangu," marehemu akasema, "neno hilo lilinitoa chuoni mara moja. Leo unataka nilitumie kupata shahada?"

Siku mbili baadaye walikuja kumwona mume wake, dada yake na kaka yake. Chumbani mlikuwa na kiti dirishani, kiti mlangoni, na stuli miguuni pa kitanda. Badala ya kupokea pole, akawageuza vipindi: mume fizikia, dada hesabu, kaka kemia. Mume na dada wapende dirisha kwanza, halafu mlango. Kaka apende mlango kwanza, halafu dirisha. Stuli wote waipende mwisho. Kisha akasema waanze.

Dada akakaa dirishani. Mume akaja akamwondoa, dada akaenda mlangoni. Kaka akaja mlangoni akamwondoa, dada akarudi dirishani kumwondoa mume, mume akaja mlangoni kumwondoa kaka, kaka akaenda dirishani kumwondoa dada.

"Endeleeni," mgonjwa akasema.

"Mpaka lini?" kaka akauliza, jasho linamtoka. "Mimi nimekuja kuona mgonjwa, sikuja kufanya mazoezi!"

"Endelea, kemia. Fizikia anakusubiri."

Wakazunguka tena, na tena, watu wazima watatu wakifukuzana, na stuli iko pale tupu, hakuna anayeitazama kwa sababu kanuni haimfikishi mtu huko. Nesi akatia kichwa mlangoni. "Jamani, hii ni wodi!" Marehemu alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. "Haikomi!" akasema. "Nafasi ipo, na bado haikomi! Nimeikamata!"

Tunaomba mwelewe alichokuwa anakifurahia. Alikuwa amegundua kwamba kazi yake ya miaka miwili ina kasoro. Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, angepita.

Tarehe 11 Machi mwaka huu alivaa gauni aliloshonewa na dada yake, ambalo lilikuwa limempwaya tayari, akapelekwa chuoni kwa kiti cha magurudumu kutetea mradi. Alionyesha jinsi programu inavyofanya kazi, kisha akawaonyesha jopo mahali inapozunguka bila mwisho, kipindi kwa kipindi. Mzee mmoja wa jopo akavua miwani.

"Mama, umekuja kuutetea mradi huu au kuushtaki?"

"Yote mawili," akajibu. "Kesi ni moja."

Walimheshimu, lakini hawakumpitisha. Walimwambia arekebishe, athibitishe, arudi Juni. Ndani ya gari kaka alishindwa kujizuia. "Ungefunga mdomo wako, saa hizi ungekuwa na shahada!"

"Ningekuwa na shahada, na shule fulani ingekuwa na walimu wanaozunguka kama ninyi siku ile."

"Na Juni je? Una hakika na Juni?"

Hapo kaka mwenyewe akatazama nje. Marehemu akasema, "Sina. Ndiyo maana nina haraka."

Dawa ya kasoro ile aliipata Aprili, na ilikuwa fupi: aliyeondolewa kwenye kiti asikirudie kamwe. Kwa kanuni hiyo dada angeondolewa dirishani, angeondolewa mlangoni, na angekwenda kwenye stuli akanyamaza. Vidole vya marehemu vilikuwa vimevimba, hawezi kushika kalamu wala kubonyeza, kwa hiyo uthibitisho aliutamka kitandani na mume wake akauandika kwa mkono wake mzito wa kuchomelea.

"Kila anayeondolewa anapoteza kiti kimoja moja kwa moja," akatamka. "Watu wana idadi, viti vina idadi. Kwa hiyo kuondoana lazima kuishe."

Mume akaacha kuandika. "Kwa nini lazima? Si wanaweza kuondoana polepole?"

"Polepole au haraka, kila mara kuna kiti kinachofutwa. Vikiisha vya kufuta, utamwondoa nani?"

Mume akaiandika hiyo. "Na kama viti havitoshi tangu mwanzo?"

"Basi kuna mmoja atafukuzwa kote, na programu itasimama iseme imeshindikana. Bora iseme hivyo kuliko kuzunguka ikijifanya iko kazini."

"Hiyo nayo niandike?"

"Andika." Kisha akamwambia, "Miaka yote hii ya ndoa, leo ndiyo umeniuliza maswali ya maana." Karatasi zile zilimfikia msimamizi mwanzoni mwa Mei.

Ijumaa ya tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa anamsubiri daktari apite na akilalamika kwamba daktari anachelewa, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule nesi wa mlangoni.

Sasa kuhusu shahada. Tulipokaa kuandika karatasi hii, kaka yetu alitaka chini ya picha paandikwe "Mhitimu". Alisema, "Kapungukiwa na mwezi mmoja tu. Nani atakuja kuhesabu makaburini?" Alisema kwa uchungu, na hatukumlaumu. Mume akamjibu, "Mwenye picha." Hatukuliandika. Marehemu hakuhitimu. Chuo kina utaratibu wake, jopo halikukaa, na jina lake halitasomwa mwezi wa sita.

Lakini jana jioni msimamizi wake alikuja nyumbani, akakaa mkekani na zile karatasi zenye mwandiko wa fundi vyuma. Alituambia alizisoma mara ya kwanza akitafuta kosa, mara ya pili akitafuta hatua iliyorukwa. "Hakuna iliyorukwa," akasema. "Uthibitisho umesimama. Inakoma, siku zote." Mume akamwomba arudie, akarudia. Kaka yetu ndiye aliyelia kwanza, akainuka, akampa mgeni kiti chake.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, baba, dada na kaka, walimu wenzake, na darasa zima la watoto wanaouliza maswali mpaka wazazi wao wanakuja kushtaki. Mama yake alimtangulia mwaka 2016.

Sote tunamwombea apumzike kwa amani. Kupumzika hakukujua, hakuna aliyewahi kumfundisha akaweza. Yeyote anayempokea huko tunamwomba amvumilie siku za mwanzo, na akimwambia hapa ndipo mwisho wa safari, awe tayari kumwonyesha ni kwa nini.