Kangambili wa Bwana Apolinary

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1995, Bwana Apolinary Magesa, bwana shamba wetu hapa Bunda, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Ishirini na saba, jamani! Wakulima wa Kibara walipopata habari walipiga makofi. Hatukuuliza ni makofi ya namna gani.

Alianzia Musoma mwaka 1968, akapita Butiama, kisha akatua kwetu na baiskeli ya serikali na redio yake mwenyewe. Miaka ile ya dhiki, pampu za kupulizia pamba zilitumia betri za tochi, na betri madukani hakuna. Mgao wa ofisi ulipofika, pampu ziliendelea kunyamaza ila redio ikaimba msimu mzima. Wakulima si viziwi.

Lakini kilichompa sifa hasa ni kangambili, yule mdudu mwekundu anayechoma mbegu ya pamba kwa mdomo wake mrefu, akafyonza, na kuacha nyuzi zina madoa ya njano. Pamba safi inashuka kuwa fifi, daraja la chini. Kila mtu Kibara ameshawaona wawili wameungana nyuma kwa nyuma, mkubwa akimburuta mwenzake kinyumenyume kutwa nzima. Bwana Apolinary alifundisha misimu sita, kwa ubao na chaki, kwamba hao wanapigana, kwa hiyo waachwe wamalizane.

Loo! Kumbe walikuwa kwenye fungate. Hukaa hivyo hata siku tatu, kisha jike hufukia mayai mia hivi kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya wiki shamba linajaa watoto wekundu wasio na mabawa, wenye njaa kama wazazi wao. Mwaka jana mkutanoni, Tereza, mjane wa Kibara, alisimama akasema hata yeye na marehemu mumewe walikuwaga wanapigana hivyo, na ugomvi huo ukampa watoto saba. Mkutano ulivunjika kwa kicheko. Kwenye ripoti Bwana Apolinary akaandika: mahudhurio mazuri.

Hakucheka, na hakusahau. Tereza alikuwa akirundika mbegu za pamba pembeni mwa shamba. Kangambili wakijazana chini ya mbegu hizo kula, anawamwagia maji ya moto. Ni njia ya bibi yake, na inafaa kuliko ubao. Wiki iliyofuata Bwana Apolinary alimtawanyia marundo yale mbele ya watu na kumtishia faini. Mama wa watu akatii, na pamba yote ikatoka fifi. Shemeji yake, Bernado, alikuwa ameapa kwamba fifi nyingine ni mwisho wa Tereza kulima ardhi ya marehemu kaka yake. Akalichukua shamba. Hilo limetuuma, na linatuuma mpaka leo.

Kesho wazee wa ukoo wanakaa. Wamesema bwana shamba akikiri kwa maandishi kwamba kosa ni lake, shamba linarudi kwa Tereza. Ursula, karani wetu, ameshaipiga chapa barua hiyo, mistari minne tu. Wiki tatu sasa Bwana Apolinary anasema miwani yake imepotea.

Kaka Apolinary, asante kwa kututembelea wagonjwa na kutuzikia wafu wetu bila kukosa hata mara moja. Tunakuombea afya na uzee mtulivu huko kwenu Mwitongo. Pilau iko tayari, na Ursula yuko mlangoni na barua, peni, na miwani ya kuazima. Saini kwanza.