Ujumbe Aliopokea Saumu

SEIF: Haloo, duka la vipuri hapa. Nani mwenzangu?

WALTER: Omera, ndugu! Ni mimi.

SEIF: Mimi nani? Laini inakwaruza, ongea juu!

WALTER: Walter, bana! Walter Oduor. Wiki tatu tu, umesahau sauti yangu?

SEIF: Aa, fundi wangu! Habari ya kupotea?

WALTER: Mzuri. Mzee wako hajambo?

SEIF: Hajambo, ametoka. Na mama, goti limepona?

WALTER: Anatembea pole pole. Sikia, niko kwa kibanda ya simu hapa Kaloleni, na niko na silingi chache, kwa hivyo—

SEIF: [anacheka] Silingi! Walter, miaka yote hii shilingi bado inakukimbia?

WALTER: Hata mfukoni inanikimbia.

SEIF: Hebu sema tena, Saumu asikie. Saumu! Njoo umsikie huyu—

WALTER: Wacha hiyo, bana. Saumu yuko?

SEIF: Yuko kaunta. Kwa nini?

WALTER: Hakuna. Nilitaka kujua tu kama yuko.

SEIF: Na mbona sauti inatetemeka? Unaumwa?

WALTER: Nimelowa.

SEIF: Umelowa? Na jua lote hili? Wiki nzima Kisumu hakuna hata wingu.

WALTER: Najua. Tuongee gari.

SEIF: Gari gani?

WALTER: Yawa! Tuko na magari ngapi, mimi na wewe? Ile Datsun ya Mzee Wakhisi, kule Port Victoria. Ile ya milango mbili, rangi ya papai, kuku zinataga kwa kiti. Si tulisema ndio hiyo ya mbio ya Desemba?

SEIF: Aa, ile. Unajua, nimefikiria sana, Walter. Ile imeoza.

WALTER: Imeoza wapi?

SEIF: Sakafu. Ukiweka mguu unakanyaga Port Victoria yenyewe. Ndiyo maana mzee alikuwa anaitoa kwa bei ya redio kaseti.

WALTER: Sakafu ni bati tu. Bati mimi nachomelea na macho imefungwa.

SEIF: Hata hivyo. Mimi naona tuchukue ile Kapri ya Bondo. Ya Mama Perez, yule mjane wa mwalimu. Haina mwendo kama Datsun, lakini iko kavu. Tena ungeenda Jumatatu ukaikague. Kaa hata wiki mbili.

WALTER: Wiki mbili kuangalia gari moja?

SEIF: Uifungue vizuri. Hakuna haraka.

WALTER: Na Datsun?

SEIF: Achana nayo. Nasikia hata Mzee Wakhisi mwenyewe haiuzi tena.

WALTER: Amekataa?

SEIF: Amekataa kabisa. Wazee unawajua.

WALTER: Pole, basi. Mimi nilikuwa nakupigia na habari mzuri, sasa sijui kama utaitaka.

SEIF: Habari gani?

WALTER: Ile injini. Siku tisa nililala kwa stoo ya Mzee Wakhisi, kati ya magunia ya omena. Nikasimamisa miti tatu, nikafunga kamba, nikaitoa peke yangu. Mzee akasema beba, nitamalizana na Seif. Nikaipandisa lori ya samaki mpaka Kisumu. Hata leo inanuka.

SEIF: [anacheka kidogo] Mm.

WALTER: Nikaifungua yote. Nikaiosa na petroli, kipande kwa kipande. Pistoni, omera! Safi. Hiyo gari ilisimama tu kwa sababu mwenyewe alichoka kuendesa. Alhamisi nikaizungusa na mkono.

SEIF: Ikazunguka?

WALTER: Ikazunguka kama—

SEIF: Yaani bila kukwama? Na kabureta? Zote mbili ziko sawa?

WALTER: Mbona unauliza kabureta ya gari imeoza?

SEIF: Nauliza tu.

WALTER: Aya.

[Laini inakwaruza.]

SEIF: Haloo? Walter?

WALTER: Niko. Unajua hii kibanda ya simu inaangalia wapi?

SEIF: Wapi?

WALTER: Kwa Gordon. Yule anaandikanga mabango ya maduka.

[Laini inakwaruza.]

WALTER: Haloo?

SEIF: Nakusikia.

WALTER: Ameegemeza milango mbili kwa ukuta, zikauke. Rangi ya papai. Moja imeandikwa "Seif", na bendera ndogo juu. Nikasema sawa, imependeza. Nikasonga nione ile ingine, mlango yangu. Nikusomee?

SEIF: Walter, ngoja—

WALTER: H, A, S, S, A, N. Es mbili. Gordon amezipinda vizuri sana.

SEIF: Nilitaka kukuambia mwenyewe. Uso kwa uso.

WALTER: Nikiwa Bondo?

SEIF: Sasa usianze. Wewe ndiye uliyejitoa!

WALTER: Mimi?

SEIF: Wewe! Ulipiga simu hapa kutoka Port. Mimi sikuwepo, ukaacha ujumbe na Saumu. Ulimwambia nini?

WALTER: Nilisema, mwambie Seif nimesusa.

SEIF: Haya! Umejisikia? Umesusa! Mtu akisusa amenuna, amekataa, hataki tena. Saumu aliandika kwenye karatasi, ninayo hapa: "Walter amesusa." Mimi nikasema basi, mwenzangu kasusa, nifanyeje? Nikamchukua binamu yangu Hassan.

WALTER: Injini, Seif. Nilimwambia nimesusa injini.

SEIF: Injini hakuandika. Sasa mimi ningejuaje kwamba ni kushusha, kuitoa kwenye gari? Si mnajimu mimi.

WALTER: Ulijua.

SEIF: Nimejua leo!

WALTER: Darasa la tatu, mwalimu alinichapa kwa sababu ya samba ya mahindi ya babu yangu. Nani alisimama akamwambia mwalimu mimi nataka kusema nini? Si ni wewe? Tangu hiyo siku unanisemea kwa watu. Sule unasikia. Silingi unasikia. Sida zangu zote unasikia. Hii neno moja ndio imekusinda?

SEIF: Ujumbe ulipitia kwa Saumu.

WALTER: Na boneti ilipitia kwa nani?

SEIF: Boneti gani?

WALTER: Siku mlienda Port kubeba gari. Mlifungua boneti?

SEIF: Tulifungua.

WALTER: Mkaona nini? Ngoja, ngoja, niongeze silingi. [sarafu zinaanguka] Mkaona nini?

SEIF: Walter, sikiliza—

WALTER: Seif.

SEIF: Hakukuwa na injini.

WALTER: Mtu akisusa, anabeba injini?

[Laini inakwaruza.]

SEIF: Unataka ukweli?

WALTER: Nimelipia simu.

SEIF: Basi sikiliza. Gari la mbio lina viti viwili, si vitatu. Baba yake Hassan ndiye anayetoa matairi. Na hata bila hayo matairi, Walter, fikiria mwenyewe. Desemba tumemaliza mashindano, watu wamejaa, redio wamekuja na kinasa sauti. Wanakuuliza, bwana, mmefanyaje? Utasema nini? "Tumesinda"?

WALTER: Seif.

SEIF: "Tumesinda"! Nchi nzima icheke! Na humo ndani ya gari, mimi nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, wewe ndiye unayenisomea barabara, tunafika mteremko unanipigia kelele, "Suka! Suka!" Nisuke nini? Nywele?

[Nyuma ya laini mtu anacheka.]

WALTER: Ni nani huyo anacheka?

SEIF: Hakuna.

WALTER: Ni nani?

SEIF: Hassan. Yuko hapa dukani.

WALTER: Tangu simu ianze?

SEIF: Tangu asubuhi.

WALTER: Kwa hivyo hiyo ya nywele ulimwambia yeye kwanza.

SEIF: Ni utani tu, bana. Wewe ulikuwa unacheka zamani.

WALTER: Nilikuwa nacheka kwa sababu ulikuwa unacheka na mimi tu, hakuna mtu mwingine.

SEIF: Usichukulie vibaya. Nafasi yako ipo, nani amesema haipo? Chini ya gari. Nyanza nzima hakuna wa kukufikia chini ya gari. Tutakushonea ovaroli mpya, mgongoni tuandike "Fundi".

WALTER: Bila jina.

SEIF: Fundi si jina?

WALTER: Mama ananiita Walter.

SEIF: Walter, Walter, sawa. Tusipoteze hela yako ya simu. Hassan ana pikapu hapa nje. Anakuja Kaloleni sasa hivi kuchukua injini. Uko nyumbani?

WALTER: Atakuja bure. Haiko.

SEIF: Haiko vipi? Umesema umeiosha, imezunguka—

WALTER: Alhamisi ilikuwa. Leo haiko.

SEIF: Usinichezee. Nimemlipa Mzee Wakhisi, injini hiyo ni yangu.

WALTER: Ulilipa gari. Gari si unayo?

SEIF: Gari bila injini ni banda la kuku!

WALTER: Hata kuku walikuwa wamezoea.

SEIF: Iko wapi, Walter?

WALTER: Wacha nikuambie kutoka mwanzo, ndio usikie vizuri. Leo asubuhi nilienda kwa Gordon. Unajua nilienda kufanya nini? Nilikuwa na karatasi. Nimeandika jina yangu na herufi kubwa, W. ODUOR, nimpatie mapema ili wakati wetu ukifika asikosee. Ndio nikaona milango.

SEIF: Mm.

WALTER: Nikauliza Gordon, hizi ni za gari gani? Akasema si ni ile yenu? Yeye alifikiri mimi najua. Akanionea huruma, akanipa kiti nikae. Gordon! Mtu hata hatujuani sana.

SEIF: Walter, nilikosea kutokuambia. Hapo nakubali.

WALTER: Nikarudi nyumbani, nikakaa chini karibu na hiyo injini. Nililia, Seif. Sikufichi. Mimi na ndevu zangu, nililia mpaka mama akauliza nani amekufa.

SEIF: Pole.

WALTER: Halafu nikaita mkokoteni. Watu wanne kuinua. Tukasukuma mpaka Dunga, kwa ziwa.

SEIF: Dunga? Dunga kuna nini? Kuna samaki na boti tu.

WALTER: Ndio. Kuna boti ya mjomba.

SEIF: Boti ya nini? Umeificha kwenye boti?

WALTER: Na ile kamba ya Port bado ninayo. Hata sasa nimeisika hapa. Nzito. Imelowa.

SEIF: [polepole] Umelowa. Ulisema umelowa.

WALTER: Nilisema.

SEIF: Walter. Hakuna mvua.

WALTER: Hakuna.

SEIF: Injini umeifanya nini?

WALTER: Nimesusa.

SEIF: Umesusa. Sawa. Una haki, umesusa, umekasirika, yaishe. Hassan atakuja akuombe msamaha. Lakini injini iko kwenye boti, siyo? Iko juu ya— Ngoja. Umesema umesusa ama umeshusha?

WALTER: Nimesema vile ninasemanga.

SEIF: Umesusa kwa kununa, au umeishusha? Umeishusha wapi? Walter!

[Piip.]

WALTER: Silingi zimekwisa.

SEIF: Ongeza! Ongeza nitakurudishia! Nyamaza, Hassan! Walter, sema vizuri, ndugu yangu, nakuomba, sema hilo neno moja—

WALTER: Muulize Saumu.

[Piip, piip, piip.]

SEIF: Walter? Haloo? ... Walter! ... Usicheke, Hassan. Nimesema usicheke.