Balozi Asiyetumwa na Mtu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la mshonaji, katikati ya kinyozi na mchonga funguo, na kila Jumapili alasiri benchi hilo huwa na pengo upande wa kushoto. Pengo ni la Jemadari, mshonaji mwenyewe. Siku nyingine zote hukaa hapo, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akinywa kahawa kwa mafunda madogo kama mtu anayeonja dawa. Lakini Jumapili alasiri hujifungia chumba cha nyuma mbele ya kompyuta yake kuukuu, akicheza gemu ya vita vya falme na binti yake wa pekee, muuguzi aliyepata kazi nchi ya mbali. Mtaa mzima unajua kwamba saa hizo hata suruali yako ipasuke hadharani, utajifunga shuka usubiri Jumatatu. Basi Jumapili ile mlango ulipofunguka, Jemadari akatoka na kuketi mahali pake bila neno, benchi zima lilinyamaza kana kwamba limemwona bwana harusi akirudi nyumbani peke yake.

— Jemadari, umeme umekatika? aliuliza Nywele, yule kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu kichwa chake hakina hata unywele mmoja.

— Umeme upo.

— Binti yuko zamu?

— Hana zamu leo.

— Basi umepigwa, alisema Wakili. Huyu ndiye mchonga funguo. Sheria hajaisoma hata ukurasa, ila hajawahi kukubali kushindwa hoja. — Umepigwa na mtoto wako. Usione haya, bwana. Mwana hutazama kisogo cha nina.

— Sasa hiyo inahusu nini? aliuliza Shangazi, muuza kahawa, huku akisuuza vikombe.

— Inahusu kisogo. Mtu akikimbia vitani unamwona nini, kama si kisogo?

Jemadari hakucheka. Alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

— Sijapigwa. Hakuna vita. Gemu imeharibika.

Nywele aliruka kama aliyekalia pini. Naye huicheza ile gemu, kwenye simu, wateja wanapokuwa wachache.

— Nilisema! Nilisema mimi! Ile nyongeza mpya ya gemu, si ndiyo? Tumeisubiri mwaka mzima, wanatuonjesha picha: meli mpya, visiwa vipya, farasi wenye mavazi. Nimeipakua usiku kucha. Asubuhi naingia, mji wangu wa zamani haufunguki! Miaka minne nimejenga ukuta ule, jiwe kwa jiwe. Wanasema akiba haiozi. Yangu imeoza, jamani, imetoa na funza!

— Kwangu mji umefunguka, alisema Jemadari. — Kilichoniudhi ni yule balozi.

— Balozi gani? Shangazi aliuliza. — Mimi mnieleze taratibu, gemu yangu ni hili birika.

Jemadari akaeleza, na kwa jinsi alivyo mchache wa maneno, ilibidi Nywele ajazie kila penye pengo. Zamani, alisema, ukiwa na jambo na ufalme jirani unaandika mwenyewe. Unaandika unachotaka, kinafika kama barua. Binti yake aliwahi kumwandikia, "Baba, mbuzi wako wamemaliza ngano yangu, nakuja na farasi mia." Naye akamjibu, "Njoo, lakini kula kwanza, vita havipiganwi na njaa." Sasa ndani ya hiyo nyongeza wameweka balozi. Huandiki tena. Balozi anakuletea maneno machache yaliyokwisha kuandikwa, unachagua moja, analipeleka. Na wakati mwingine husema la kwake bila kutumwa na mtu.

— Jumapili iliyopita nimekaa toka saa nane, alisema Jemadari. — Kilichokuja ni kimoja. "Ufalme jirani unapenda kujua kama mavuno yenu ni mema." Basi. Huyo si mwanangu. Mwanangu hazungumzi hivyo.

— Na wewe ukajibu nini?

— Nilitafuta. Hakukuwa na neno langu pale. Nikabonyeza, "Malango yetu hayajafungwa." Nikazima.

Shangazi akamwongezea kahawa bila kuombwa, kwa sababu wote walimjua. Wakati wa uhai wake, marehemu mkewe ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Yeye ndiye aliyejua binti amegombana na nani, anapenda nini, anaogopa nini. Jemadari alishona, akasikiliza, akaitikia "mh". Mama alipofariki na binti akasafiri, waliobaki ni watu wawili wanaopendana wasiojua pa kuanzia. Akipiga simu ni, "Umekula?" "Nimekula, Baba." "Mvua huko?" "Hakuna." "Haya." "Haya, Baba." Kisha mlio wa simu kukatika, na mzee anabaki ameikamata kama kitu alichookota. Ni binti aliyekuja likizo akamwekea ile gemu. Na humo, katikati ya ngano na mbuzi na farasi mia, mzee akapata ulimi. Aliandika mpaka vidole vikachoka. Ndiyo asili ya jina Jemadari. Kabla ya hapo alikuwa Fundi tu.

— Mimi nitawaambia kilichotokea, alisema Nywele, akisogea karibu. — Yule aliyeitunga gemu ameondoka. Imeingia mikono mipya. Ni kama kichwa: ukishazoea kinyozi mmoja, siku akikunyoa mwingine unatoka na masikio makubwa.

— Hapana, alisema Wakili. — Unaona karibu mno. Jiulize: kwa nini wazuie watu kuandikiana? Kwa sababu walikwisha soma! Miaka yote wamesoma mlivyokuwa mnapatana, baba na mtoto, bila kumwaga damu. Hiyo ni elimu, bwana! Wamekwenda kuiuza kwa wakubwa wanaopigana kila siku. Sasa wamefunga mlango ili wengine msijue siri. Kikulacho ki nguoni mwako. Na wewe ni mshonaji, nguo zimekuzunguka pande zote, utakosaje kuliwa?

— Wakili, unywe maji, alisema Shangazi. — Mkiniuliza mimi, huyo balozi ni mtu.

— Mtu?

— Mtu mzima, amekaa chumbani mahali, peke yake. Kazi yake kupokea barua za watu na kuzipeleka. Kila Jumapili anasoma baba anamwambia binti ale kwanza. Yeye hajaandikiwa hivyo na mtu tangu azaliwe. Wivu ukamshika. Akasema, kuanzia leo mtazungumza kwa mdomo wangu.

Ilikuwa nadharia nzuri kiasi kwamba Nywele alisahau kahawa yake.

— Ngoja kwanza, alisema. — Kama ni mtu, basi si wivu. Ni mchumba! Anauliza habari za mavuno kwa nini? Anataka kujua ukweni kuna chakula! Jemadari, binti yako anaposwa, nawe umekaa unanywa kahawa!

— Basi aje na wazee wake, alisema Wakili kwa ukali, kana kwamba binti ni wake. — Hatupokei posa ya mtandaoni hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja, na mwenyeji ndiyo kwanza anaumwa!

Hata Jemadari alitaka kutabasamu. Tabasamu lilifika nusu ya mdomo, likarudi.

Ndipo akatokea mama mmoja, mgeni mtaani, gauni la bluu mkononi. Alisimama akisoma kibao cha duka, kisha akaitazama ile futi shingoni.

— Shikamooni. Samahani, fundi ndiye wewe? Najua ni Jumapili. Kifungo kimekatika na kesho nalihitaji gauni asubuhi.

— Marahaba. Karibu, mama. Kifungo hakina Jumapili, alisema Jemadari, na wenzake wakatazamana, maana hilo halijawahi kusikika. Aliingia ndani, akarudi na sindano na uzi, akalaza gauni mapajani. Shangazi akamsogezea mgeni nafasi na kikombe.

Mabishano hayakusubiri. Wakili alikwisha kufikia uamuzi kwamba mabalozi wa gemu zote duniani ni ndugu, wamezaliwa tumbo moja. Nywele alikuwa akipinga, akisema ni mapacha. Mama yule alisikiliza, akigeuza shingo huku na huku, akiunganisha: falme, binti, mavuno, baba anayesubiri. Wakili alipokohoa kutafuta pumzi, akaingiza neno lake kwa upole.

— Samahanini, mimi sijaelewa. Kwani huyo binti hana simu?

Nywele alitazama juu, kana kwamba jibu limeanikwa kwenye nyaya za umeme. Wakili alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

— Jibu, Wakili, alisema Shangazi.

— Swali lenyewe halijakaa vizuri.

— Limekaa. Wewe ndiye unayeyumba.

Jemadari aliendelea kupitisha sindano kwenye kifungo, ingawa uzi ulikwisha kushika. Namba ya mwanawe anaijua kwa kichwa. Simu iko mfukoni, inamgusa pajani. Si simu aliyoikosa. Alichokiogopa ni ile "haya" ya mwisho, na kimya kinachoitangulia. Kwenye gemu daima palikuwa na mbuzi wa kusingizia. Kwenye simu palikuwa na yeye tu, mtupu, bila mkewe wa kumpokea maneno.

— Nikimpigia, alisema bila kuinua macho, — nitamwambia nini?

Mama mgeni aliweka kikombe chini.

— Sijui, baba. Labda umwambie hayohayo uliyowaambia hawa.

Jemadari alikata uzi kwa meno. Akatoa simu. Hakusimama, hakwenda ndani. Pengine alijua kwamba akiinuka atapata kazi nyingine ya kufanya. Iliita mara moja tu.

— Baba? Sauti ilitoka kwa hofu, hata benchi likaisikia. — Kuna nini? Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa.

— Una hakika? Wewe u mzima?

— Mimi mzima. Ni… Alilinyoosha gauni mapajani. — Ile gemu. Imekuwa mbaya.

Nywele alijishika kipara kwa mikono miwili. Kisha upande wa pili kikapasuka kicheko, kicheko cha marehemu mama yake kabisa, na Jemadari akafumba macho.

— Mbaya, Baba! Mbaya mpaka basi! Nilidhani ni mimi tu! Nilidhani wewe umeipenda, ndiyo maana unajibu mafupi. Yule balozi, Baba, yule balozi ningemtupa mtoni! Nimemaliza saa nzima natafuta neno la kukuuliza kama umekula, halimo. Lililokaribia ni lile la mavuno.

— Lile la mavuno lilikuwa lako?

— Langu, Baba. Ulidhani la nani?

Jemadari alifuta uso kwa ncha ya futi. Shangazi akageuka kufuta birika lililokuwa safi.

Wakaisema ile gemu. Wakaisema meli zisizofika, visiwa vinavyofanana kama sahani, farasi waliovishwa mavazi wasiweze kukimbia. Jemadari alipiga goti kwa mkono, akasema, "Hata mimi! Hata mimi!" Lakini ubaya wa kitu nao una mwisho wake. Walipoumaliza, kile kimya alichokiogopa kikaja, kikakaa kati yao kama kilivyozoea. Jemadari alisikia pumzi ya mwanawe. Alisikia "haya" ikipanda ulimini. Akatazama chini kwenye lile gauni la mgeni, akaona mshono wa bega.

— Hizo sare mnazovaa kazini, alisema. — Zinakukaa?

— Sare? Mh, hazinikai, Baba. Mabega yananipwaya. Nikiinama kwa mgonjwa, shingo yote iko nje. Nashika kwa pini.

— Pini! Jemadari aliinuka nusu, akakaa. — Mtoto wa mshonaji anashika kwa pini! Iko wapi hapo?

— Iko mlangoni, imening'inia.

— Ilete. Una sindano?

— Ninayo ile uliyonifungia kwenye sanduku. Sijawahi kuitumia.

— Lete na uzi. Uzi wowote, mradi usipige kelele kwenye kitambaa.

Wakamsikia akitembea, droo ikifunguka, kitu kikianguka, akicheka peke yake. Mama mgeni alikwisha kupata gauni lake lakini hakuonyesha dalili ya kuondoka. Nywele alinyoosha kikombe aongezwe. Shangazi akainamisha birika. Likatoa tone moja, la pili likakataa. Akaonyesha kwa mkono kwamba kahawa imekwisha, kisha akaweka kidole midomoni. Nywele akarudisha kikombe chini taratibu, kisigonge. Wakili alikuwa amevua kofia, hajui kwa nini.

— Nimeipata, Baba.

— Igeuze ndani nje. Tafuta mshono wa bega, uupapase. Umeuona?

— Nimeuona.

— Kunja pale, upana wa ncha ya kidole chako, si zaidi. Sasa piga bandi kwanza, mishono mirefu ya kushikilia tu. Usikaze uzi, mama. Ukikaza kitambaa kitaguna. Kiache kipumue.

— Mkono unatetemeka.

— Utetemeke tu. Wa mama yako ulitetemeka vilevile nilipomfundisha, na nguo ya kwanza aliishonea pamoja na shuka la kitandani.

— Kweli? Hilo hakuniambia!

— Ataanzaje kukwambia! Jemadari alicheka, akaegemeza kichwa ukutani, simu ameibana sikioni kwa bega, mikono miwili ikienda hewani, ikivuta uzi ambao wengine hawakuuona. — Twende. Umefika wapi?

— Katikati, Baba. Nakwenda polepole.

— Nenda polepole. Nipo.